Wanaopona uraibu wanahitaji makao na kazi kuliko jukwaa la ushuhuda

Kwa Mhariri,

Naomba nafasi katika gazeti lako nieleze kwa nini nimekataa kutia saini ombi linalozungushwa mtaani kwetu, upande wa mashariki wa jiji la Nairobi, la kumtaka mwenye nyumba mmoja awaondoe vijana waliopanga kwake. Vijana hao wametoka katika kituo cha kurekebisha tabia. Wanaishi pamoja chini ya uangalizi wa mshauri ambaye naye aliwahi kutumia unga, yaani heroini, na kila asubuhi hutoka kwenda kutafuta riziki au kunywa dawa kliniki. Tangu wahamie hawajashtakiwa kwa lolote. Kosa lao, kwa mujibu wa karatasi hiyo, ni kwamba watawaharibu watoto wetu na kushusha thamani ya nyumba zetu. Niliulizwa langoni sababu ya kukataa, na kwa kuwa jambo lenyewe halielezeki mtu akiwa amesimama na mfuko wa sukuma wiki mkononi, nimeona afadhali niandike.

Mimi ni muuguzi mstaafu, na sehemu kubwa ya maisha yangu ya kazi niliitumia katika hospitali za umma, ambako waraibu wa pombe na wa heroini hufikishwa wakiwa katika hali ambayo jamaa zao hawataki kuisimulia. Nilichokiona katika miaka hiyo ni kwamba jamii yetu ina ustadi wa mambo mawili: kumfukuza anayetumia, na kumshangilia aliyeacha, hasa siku ya kwanza. Ile kazi ya katikati, ya kuishi na mtu anayepona mwezi baada ya mwezi, akiwa jirani, mpangaji, mfanyakazi, shemeji au mwanachama wa chama cha akiba, hatujaijifunza. Na ni katika kipindi hicho ambacho hakuna anayemtazama ndipo wengi hurudi walikotoka.

Hofu ya majirani zangu siidharau. Walioibiwa mitungi ya gesi, mita za maji na vioo vya pembeni vya magari wana haki ya kukasirika, na mara nyingine mwizi kweli huwa ni teja, yaani mraibu wa heroini. Lakini inafaa tufahamu kinachomsukuma. Mtu aliyezoea heroini hufika mahali ambapo haitumii tena kwa starehe, anaitumia ili asiugue. Dawa ikipungua mwilini, na huchukua saa chache tu, arosto humwingia: makamasi na machozi humtoka, hupiga miayo mfululizo, mifupa humuuma, huhara na kutapika, na usingizi humpaa. Anayeng'oa mita ya maji saa kumi alfajiri anatafuta bei ya kete, yaani kipimo kimoja cha heroini, itakayomwondolea mateso hayo kwa nusu siku. Wizi unabaki wizi, na aliyeiba anapaswa kuwajibika. Hata hivyo, aliyekwisha kuvuka arosto, au anayekunywa dawa inayoizuia, hana tena msukumo huo unaomtoa kitandani usiku wa manane. Kumhukumu wa leo kwa mwili aliokuwa nao mwaka jana ni kuogopa mtu asiyekuwepo tena.

Isitoshe, wanaotumia tunao tayari. Utafiti wa kitaifa uliofanywa mwaka 2022 na NACADA, mamlaka ya taifa ya kupambana na matumizi mabaya ya pombe na dawa za kulevya, ulionyesha kwamba mmoja kati ya kila Wakenya sita wenye umri wa miaka 15 hadi 65, yaani watu wapatao milioni 4.7, alikuwa akitumia angalau aina moja ya vileo au dawa za kulevya, tumbaku ikiwemo, na pombe ndiyo iliyoongoza. Hakuna ploti wala barabara ya mtaa wetu isiyo na watu hao. Tunawajua wanaouza bangi nyuma ya maduka, tunaijua nyumba inayouza chang'aa, na tunawajua wanaume wa heshima wanaosaidiwa kupanda ngazi kila Ijumaa usiku. Saini nyingi za ombi ninalolisema, nisamehewe kwa kulitaja, zilipatikana katika baa inayotazamana na lango letu. Katika mtaa mzima, wapangaji wa nyumba ile ndio pekee waliotangaza hadharani kwamba wanataka kuacha, na ndio pekee tunaotaka wahame.

Kosa letu kubwa ni kudhani kwamba uponyaji hukamilika mtu anapofunguliwa lango la kituo. Familia hujichanga, huuza ng'ombe au kukopa katika chama, hulipa miezi mitatu, kisha humsubiri kijana arudi akiwa mpya, kama gari lililotoka gereji. Walimu wangu wa uuguzi walitufundisha vingine, na kazi ikanithibitishia. Matumizi ya muda mrefu hubadilisha namna ubongo unavyopima raha, hofu na hamu, na mabadiliko hayo hayanyooki kwa siku tisini. Taasisi ya taifa ya Marekani inayochunguza matumizi ya dawa za kulevya hukadiria kwamba kati ya asilimia 40 na 60 ya waliotibiwa huteleza wakatumia tena, kiwango ambacho hakizidi kile cha wagonjwa wa shinikizo la damu au pumu ambao hali zao hurudi kuwa mbaya. Mgonjwa wa presha akirudi wodini kwa sababu aliacha vidonge, hakuna anayesema hospitali ilipoteza pesa za watu. Anapimwa, anakaripiwa kidogo, anabadilishiwa dawa, anarudi nyumbani. Mraibu akiteleza mara moja, nguo zake hutupwa nje.

Na kumtupa nje wakati huo ndiko hatari zaidi, kwa sababu ambayo ningependa kila mzazi aifahamu. Mtu akikaa wiki kadhaa bila heroini, mwili wake husahau ule uvumilivu uliokuwa umejengeka. Akirudia kiasi alichokuwa akitumia zamani, kiasi hichohicho kinaweza kumzimisha pumzi. Ndiyo maana wengi hufa muda mfupi baada ya kutoka rehabu au gerezani. Ipo dawa iitwayo naloksoni inayoweza kurudisha pumzi ikitolewa mapema, lakini lazima awepo mtu karibu wa kugundua kwamba mwenzake hapumui sawasawa. Aliyefukuzwa akalala peke yake chini ya daraja hana mtu huyo. Wale wanaoishi pamoja katika nyumba inayopigiwa kelele wanaye.

Niseme pia kuhusu methadoni, dawa wanayopewa waraibu wa heroini badala ya unga, kwani hapa ndipo nasikia maneno mengi ya kupotosha, mengine kutoka mimbarini. Kenya ilianza kuitoa mwishoni mwa mwaka 2014 katika Hospitali ya Mathari, na baadaye kliniki nyingine zikafunguliwa, Ngara ikiwa mojawapo. Tanzania ilikuwa imetutangulia katika hospitali ya Muhimbili, Dar es Salaam, mwaka 2011, na Shirika la Afya Duniani liliiingiza katika orodha yake ya dawa muhimu tangu 2005. Ni dawa ya maji ambayo mgonjwa huinywa mbele ya mhudumu, mara moja kwa siku. Hukaa mwilini kwa muda mrefu, huzuia arosto, na kwa kipimo kinachomfaa humwacha mtu akiwa macho, anayeweza kushona nguo, kuchomelea vyuma au kumsaidia mtoto kazi ya shule. Wanaosema kwamba ni kubadilisha ulevi kwa ulevi hawajamwona mtu huyo mwezi mmoja kabla ya kuianza na mwezi wa sita baada yake. Nimewaona mama wakishawishiwa na wahubiri wawaachishe watoto wao ghafla ili imani ionekane, na wiki hazikupita nyingi kabla ya watoto hao kurudi kwenye sindano. Dawa hii hupunguzwa polepole, kwa makubaliano ya mgonjwa na daktari wake, na wako ambao huitumia kwa miaka. Aliye karibu naye anachoweza kusaidia ni nauli, kwani kutoka Kayole au Githurai kwenda kliniki kila siku ya Mungu, mvua ikinyesha na matatu zikipandisha bei, ni mtihani hata kwa mtu ambaye hajawahi kugusa unga.

Wapo wanaonijibu kwa methali: mwiba wa kujidunga hauambiwi pole. Naiheshimu hekima ya wazee, lakini sijawahi kumwona muuguzi aliyeuliza mwiba uliingiaje kabla ya kuutoa. Sheria yenyewe imekwisha kuamua jambo hili. Marekebisho ya Sheria ya Afya ya Akili ya mwaka 2022 yanamhesabu aliyegunduliwa kuwa na uraibu wa pombe au dawa miongoni mwa wagonjwa wa akili wanaostahili kulindwa, na Katiba ya 2010, katika Kifungu cha 27, inakataza ubaguzi kwa misingi ya hali ya afya. Sihitaji kurefusha hapo. Anayetaka kumfukuza mpangaji kwa sababu ya ugonjwa anaoutibu na amtafute kwanza wakili wake.

Jambo ambalo halizungumzwi sana ni madhara ya kuwashangilia. Kila Juni 26, siku ambayo Umoja wa Mataifa uliitenga mwaka 1987 kwa ajili ya vita dhidi ya mihadarati, vijana waliopata nafuu husimamishwa jukwaani wakiwa wamevaa fulana zenye maandishi, wasimulie walivyolala mitaroni na kuuza viatu vya mama zao. Makanisani ni hivyohivyo, ila huko hurudiwa kila mara mgeni anapofika. Umati hulia, hupiga makofi, huenda nyumbani. Msimulizi hubaki na kitu kizito: sasa kila mtu wa eneo lile anajua yaliyompata, akiwemo mwajiri ambaye angemchukua Jumatatu na wazazi wa msichana aliyekuwa akimchumbia. Zaidi ya hayo, aliyetangazwa kuwa muujiza hana pa kukimbilia siku hamu ikimrudia, kwa kuwa kusema kwamba imemrudia ni kumvunjia heshima mchungaji mbele ya waumini. Hunyamaza, na kunyamaza ndiko kunakomrudisha. Wanaokutana katika vikundi vya walevi wanaojisaidia wenyewe, vilivyoanzishwa Marekani mwaka 1935 na ambavyo vimekuwa vikikutana hapa Nairobi kwa miaka mingi, walilijua hilo mapema wakaweka kanuni kwamba yanayosemwa chumbani hubaki chumbani na majina kamili hayatajwi. Anayetaka kusimulia na asimulie, kwa hiari yake na kwa wakati wake. Anayesukumwa kusimulia katika wiki zake za kwanza anatumiwa, hata kama wanaomtumia wana nia njema.

Nikija kwenye familia, nazungumza kwa uangalifu zaidi kwa sababu ndizo zilizoumia. Mama ambaye cherehani yake iliibwa ikauzwa, mke aliyepigwa, mdogo mtu aliyekosa karo kwa kuwa pesa zilienda kwa kakake, hawa hawadaiwi msamaha na mtu yeyote, nikiwemo mimi. Wakikataa kumpokea nyumbani nitawaelewa, na ndiyo sababu nyumba kama ile ya mtaani kwetu zinahitajika. Visiwani Zanzibar wamezizoea kwa muda mrefu, wanaziita soba hausi, na waliopona wenyewe ndio huziendesha. Lakini wale wanaokubali kumpokea wajue kwamba imani hujengwa kidogokidogo. Asikabidhiwe kadi ya benki siku ya kwanza ili athibitishe kwamba amebadilika, kwani hilo ni jaribio, na wala asifungiwe jikoni sukari na mkate kana kwamba ni panya. Mpe pesa ya sokoni, pokea chenji, usitangaze kwa ndugu kwamba chenji ilitimia. Akidaiwa na watu wa nyumbani, apangiwe kulipa, hata kama ni shilingi mia mbili kwa wiki, kwa sababu kulipa deni humrudishia mtu uso wake kuliko kusamehewa. Aitwe kwenye vikao vya mahari na mazishi, akae palepale ambapo umri wake unampa haki ya kukaa. Na tafadhali, kwenye sherehe hizo, asisukumiwe chupa na mjomba anayesema kwamba moja haiui.

Nilisahau jambo moja la hatari linalohusu pombe. Familia nyingi zikishachoka humfungia mlevi chumbani ili pombe imtoke kwa nguvu. Aliyekunywa sana kwa miaka mingi akikatizwa pombe ghafla anaweza kupatwa na kifafa, kuweweseka na hata kufa. Arosto ya heroini ni chungu kupita kiasi, lakini kwa kawaida haiui mtu mzima mwenye afya. Ya pombe inaweza. Apelekwe hospitali.

Sasa kazi. Kama ningeruhusiwa kuomba jambo moja tu kwa wakazi wa Nairobi, ningeomba hili, kwa sababu mkono mtupu haulambwi na siku isiyo na shughuli ni ndefu mno kwa mtu anayepigana na hamu. Anayetoka kwenye uraibu hukutana na mlango uliofungwa kwa karatasi mbili. Ya kwanza ni wasifu wa kazi wenye miaka mitatu au minne isiyo na maelezo. Ya pili ni cheti cha mwenendo mwema kutoka kwa polisi, kinachodaiwa siku hizi hata kwa kazi ya kufagia ofisi. Kijana aliyepatikana na hatia ya msokoto wa bangi miaka mingi iliyopita huwekwa na mwajiri katika fungu moja na mnyang'anyi wa kutumia nguvu. Sisemi mwajiri asikague. Nasema asome kilichoandikwa, aangalie kosa lilikuwa nini na lini, kisha amwite mtu aongee naye.

Kwa hiyo wengi huishia mjengoni, kwenye mikokoteni, kwenye kuosha magari na kupiga debe stejini, mahali ambapo ujira hulipwa kwa noti mkononi kila jioni, na ambapo wenzao wa kazi huenda moja kwa moja kwenye kibanda cha pombe. Noti mkononi saa kumi na mbili jioni, mwili umechoka, na rafiki anaita: hilo ni jaribu ambalo hatuna haki ya kumlaumu mtu kwa kulishindwa kama sisi ndio tuliolitengeneza. Fundi mmoja wa samani ninayemfahamu aliwahi kumchukua kijana wa aina hiyo, wakakubaliana kwamba sehemu ya ujira itumwe kwa M-Pesa ya dada yake na nyingine iingie katika akiba ya ushirika, kijana akibaki na nauli na chakula. Kijana mwenyewe ndiye aliyependekeza. Tena fundi huyo huanza kazi saa tatu, jambo lililompa kijana wake muda wa kupita kliniki kwanza. Vitu hivi havigharimu kitu. Mwajiri anayeweza kumruhusu mfanyakazi wa kisukari kwenda kliniki kila mwezi anaweza kumruhusu wa methadoni kufika kazini saa moja baadaye na kuifidia jioni.

Watu wanaofuatilia mambo haya hupenda kutaja Ureno, ambayo mwaka 2001 iliacha kumshtaki kama mhalifu mtu anayepatikana na kiasi kidogo cha matumizi yake mwenyewe. Wanachosahau kutaja ni kwamba kabla ya hapo, tangu 1998, serikali ya nchi hiyo ilikuwa na mpango wa kuwachangia mishahara waajiri waliokubali kuwachukua watu wanaotoka kwenye uraibu. Hapa kwetu tumebishana kwa miaka kuhusu nani afungwe, na kuhusu nani aajiriwe hatujafungua kinywa.

Kuhusu vituo vyenyewe nitasema machache. Viko vizuri, na viko ambavyo ni magereza yasiyo na hakimu, ambapo kijana huchukuliwa usiku na wanaume asiowajua kwa amri ya wazazi wake, akanyolewa, akachapwa, na simu za nyumbani zikazuiwa hadi malipo yaishe. Mzazi asilipe kabla ya kuuliza kama kituo kimeidhinishwa na NACADA, kama kuna daktari, na kama ataruhusiwa kumtembelea mwanawe bila taarifa. Kwa wanawake hali ni ngumu zaidi. Vituo vingi nilivyovifahamu vilikuwa vya wanaume, na mama mwenye mtoto mchanga alikuwa akichagua kati ya matibabu na mtoto. Mwanamume aliyeacha pombe husifiwa kwa ujasiri, ilhali mwanamke aliyeacha huulizwa watoto walilelewa na nani wakati huo. Swali hilo nimelisikia likiulizwa na wanawake wenzangu, tena wakati wa kupokea chai.

Mwaka 2025 serikali ilipotoa sera mpya ya taifa kuhusu pombe na dawa za kulevya, mjadala wote redioni na magazetini uliangukia pendekezo la kupandisha umri wa kunywa hadi miaka 21. Nilisubiri mtu aulize kuhusu wale ambao wamekwisha kunywa, wakaugua, wakatibiwa na sasa wako mlangoni na mfuko wa nguo, nikachoka kusubiri. Pesa za kuwasaidia zipo karibu kuliko tunavyodhani. Kaunti ya Nairobi ina sheria yake ya kudhibiti pombe na kutoa leseni tangu 2014, na kila baa na kila duka la vileo linalofuata sheria hulipia leseni. Ni haki sehemu ya ada hizo iwarudie wale ambao biashara hiyo imewaumiza, kwa kulipia kodi ya miezi ya kwanza katika nyumba za pamoja zinazokaguliwa, nauli ya kwenda kliniki na karo ya ufundi. Nimeanza kuandika pendekezo hilo ili niliwasilishe kwa mwakilishi wa wadi yetu kabla ya kikao kijacho cha kukusanya maoni ya umma kuhusu bajeti. Ninachokosa ni hesabu za kuaminika. Wasomaji wako wanaoendesha nyumba za namna hii, iwe Nairobi, Mombasa au kwingineko, nawaomba waandike katika ukurasa huu waeleze mtu mmoja huwagharimu kiasi gani kwa mwezi, wamepata leseni gani na kwa muda gani huwaruhusu wapangaji wao kukaa.

Ni mimi,
Muuguzi mstaafu,
Nairobi.